Kamba ya Vikwazo na Mkeka wa Mazungumzo

Akina mama waliokuwa na nyumba zao mjini Kampala mwaka 1978 hawahitaji kufundishwa maana ya uhaba. Sukari, chumvi na sabuni zilikuwa zimetoweka madukani. Aliyevitaka vitu hivyo ilimbidi apange foleni tangu alfajiri, ama amwendee mtu wa magendo akanunue kwa bei ya kuumiza. Wale waliogawiwa maduka ya Waasia waliofukuzwa mwaka 1972, ambao watu waliwabandika jina la "mafuta mingi", hawakukosa kitu. Wengine walibaki wakitazama. Katika hali hiyo, tarehe 10 Oktoba 1978, Marekani ilitia sahihi sheria ya kukataza bidhaa za Uganda zisiingie nchini mwake, kwa sababu ya mauaji yaliyokuwa yakifanywa na utawala wa Idi Amin.

Pigo hilo halikuwa dogo. Wakati ule kahawa ilikuwa ikileta karibu fedha zote za kigeni za Uganda, na Marekani peke yake ilikuwa ikinunua kiasi cha theluthi moja ya kahawa hiyo. Baadhi ya makampuni makubwa ya Marekani yalikuwa yamekwisha kuacha kununua hata kabla ya sheria kupita. Waliotunga sheria walitumaini kwamba mtawala akikosa fedha atakosa na nguvu. Je, ilikuwa hivyo?

Mwisho wa mwezi ule ule wa Oktoba, majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuingia Kagera, katika nchi ya Tanzania. Tanzania ikajibu kwa vita, ikisaidiwa na Waganda waliokuwa uhamishoni, na tarehe 11 Aprili 1979 mji wa Kampala ukakombolewa. Mwezi uliofuata Marekani ikaviondoa vikwazo vyake. Mpaka leo wataalamu wanabishana. Wako wanaosema kwamba ukosefu wa dola uliwafanya askari wa Amin wanung'unike, na kwamba manung'uniko hayo ndiyo yaliyomsukuma avuke mpaka. Wengine wanasema kwamba majuma matatu hayatoshi kumwangusha mtu, na kwamba kilichomwondoa ni bunduki za Watanzania na wala si sheria ya Washington. Hata hivyo, jambo moja halina ubishi: Amin hakuwa na bomu la nuklia. Lau angalikuwa nalo, nani angalithubutu kufuata barabara ya Masaka hadi Kampala?

Hapo ndipo penye kiini cha ubishi unaoisumbua dunia mpaka leo. Mtawala wa mabavu asiye na silaha za nuklia anaweza kuondolewa kwa vita, kwa maasi, au kwa umri. Mtawala wa mabavu aliyekwisha kuwa nazo hawezi kuguswa kwa vita bila ya kuhatarisha miji mizima. Basi zimebaki njia mbili: kumkaza kwa vikwazo vya kiuchumi mpaka azisalimishe, au kukaa naye mkekani na kuzungumza. Ubishi huo waweza kuonekana uko mbali na kambi za askari. Kwa Uganda haukuwa mbali hata kidogo, kama itakavyoonekana.

MZEE ALIYEJIFUNGIA NDANI

Mfano wa kijijini utasaidia kulieleza jambo hili. Tuseme yupo mwanamume mkali aliyejifungia nyumbani mwake na bunduki, pamoja na mkewe na watoto. Majirani wanaogopa kupita. Wazee wamekutana chini ya mwembe na maoni yamegawanyika. Kundi la kwanza linasema, "Tumfungie njia ya kisimani na ya dukani. Njaa itamtoa." Kundi la pili linasema, "Tuwatume wazee wawili anaowaheshimu, wamwulize anaogopa nini."

Kila kundi lina swali ambalo haliwezi kulikwepa. Kundi la kwanza huulizwa: katika nyumba ile, nani atakayelala njaa mwanzo, mwenye bunduki au mtoto? Kundi la pili huulizwa: je, kama mtu yule atawapokea wazee kwa heshima, akawaandalia na chai, na huku chumba cha nyuma anaunda bunduki ya pili?

Yafaa kila msomaji ayashike maswali hayo mawili, maana kisa cha Korea ya Kaskazini, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote vya aina yake, kimeyajibu yote mawili kwa namna isiyompendeza mtu yeyote.

MIAKA THELATHINI YA KUVUTANA

Korea ya Kaskazini iliingia katika Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nuklia mwaka 1985. Wakaguzi wa kimataifa walipoanza kazi mwaka 1992 waliona kwamba hesabu iliyotolewa na wenyeji haikulingana na vipimo vyao. Mwezi Machi 1993 serikali ya Pyongyang ikatangaza kwamba inajitoa katika mkataba. Vita vilinusurika kuzuka. Mwezi Juni 1994 Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani zamani, alisafiri hadi Pyongyang akazungumza na Kim Il Sung. Kim alifariki mwezi uliofuata, lakini mlango ulikwisha kufunguliwa. Tarehe 21 Oktoba 1994 mapatano yalitiwa sahihi mjini Geneva.

Mapatano hayo yalikuwa ya nipe nikupe. Korea ya Kaskazini ilikubali kukisimamisha kinu chake cha Yongbyon, ambacho mabaki yake ya mafuta ya nuklia yaweza kutoa madini ya kuundia mabomu. Kwa upande wao, Marekani na wenzake waliahidi kuijengea vinu viwili vya umeme vya aina isiyofaa sana kwa silaha, na kuipa tani 500,000 za mafuta mazito kila mwaka wakati vinu hivyo vinajengwa. Kwa miaka minane kinu cha Yongbyon kilikaa kimya, wakaguzi wakikitazama. Hilo ni jambo la kukumbukwa na kila anayesema kwamba mazungumzo hayajapata kuleta kitu.

Walakini yafaa kukumbuka vilevile jinsi mapatano yale yalivyokufa. Mafuta yalikuwa yakichelewa, na ujenzi wa vinu ukazorota miaka na miaka. Nao watu wa Pyongyang walikuwa wakitafuta kwa siri njia ya pili ya kuunda bomu, yaani kwa madini ya urani. Siri hiyo ilipofichuka mwaka 2002, kila upande ukamwita mwenzake mwongo, na pande zote mbili zilikuwa na hoja. Mwezi Januari 2003 Korea ya Kaskazini ikajitoa katika mkataba kabisa.

Mazungumzo ya nchi sita yakaanza mwaka huo. Tarehe 19 Septemba 2005 Korea ya Kaskazini ilikubali katika tamko la pamoja kwamba itaacha silaha zake zote za nuklia. Katika siku zizo hizo wizara ya fedha ya Marekani ikaishambulia benki moja ya Macao, na akiba ya Korea ya Kaskazini ya kiasi cha dola milioni 25 ikazuiliwa humo. Mkono wa kushoto ulikaza kamba wakati mkono wa kulia unatandika mkeka. Tarehe 9 Oktoba 2006 Korea ya Kaskazini ililipua bomu lake la kwanza la majaribio.

Tangu hapo vikwazo vikaja kama mvua ya masika. Azimio Na. 1718 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la mwaka 2006, lilikataza biashara ya silaha kubwa na vitu vya anasa. Azimio Na. 1874 likafuata mwaka 2009 baada ya bomu la pili. Bomu la tatu lilikuwa mwaka 2013, la nne na la tano mwaka 2016, la sita tarehe 3 Septemba 2017, na kila bomu lilizaa azimio lake. Mwaka 2017 peke yake, Baraza lilikataza Korea ya Kaskazini kuuza nje makaa ya mawe, chuma, samaki na nguo. Likaweka kikomo cha mapipa 500,000 kwa mwaka kwa mafuta yaliyosafishwa. Likaamuru vibarua wake walioko nchi za nje warudishwe kwao katika muda wa miezi 24.

Hiyo ilikuwa kamba iliyokazwa kuliko karibu zote zilizopata kufungwa na Umoja wa Mataifa. Mabomu hayakusalimishwa. Hata hivyo mwaka 2018 Kim Jong Un alitoka ndani, akakutana na Rais Donald Trump wa Marekani mjini Singapore tarehe 12 Juni. Wako wanaosema kwamba kamba ndiyo iliyomtoa. Wengine wanasema alitoka kwa sababu mabomu yake yalikwisha kukamilika, na sasa alitaka kuzungumza akiwa amesimama. Walipokutana tena Hanoi mwezi Februari 2019, Kim alitaka vikwazo vizito viondolewe naye avunje Yongbyon. Marekani ikataka zaidi ya Yongbyon. Waliachana bila ya kutia sahihi chochote. Mwezi Septemba 2022 Korea ya Kaskazini iliandika katika sheria kwamba ni nchi yenye silaha za nuklia na haitazisalimisha.

Kamba yenyewe nayo imelegea. Tarehe 28 Machi 2024 Urusi ilitumia kura yake ya turufu kukataa kuongeza muda wa Jopo la Wataalamu waliokuwa wakichunguza nani anavunja vikwazo, na mwezi Juni mwaka huo Urusi na Korea ya Kaskazini zikatia sahihi mkataba wa kusaidiana vitani. Kamba inayoshikwa na watu wengi huwa na nguvu, lakini mmoja akiachia, wote huyumba.

WAKUFUNZI WALIOONDOKA KAMPALA

Sasa tuje nyumbani. Urafiki wa Uganda na Pyongyang ni wa zamani. Katika miaka ya 1980, chini ya serikali ya pili ya Milton Obote, wakufunzi wa kijeshi kutoka Korea ya Kaskazini walikuwa Uganda. Serikali ya NRM ilipoingia mwaka 1986 haikuuvunja uhusiano huo. Rais Yoweri Museveni alikwenda Pyongyang zaidi ya mara moja na kukutana na Kim Il Sung. Kwa miaka mingi polisi na wanajeshi wa Uganda walipata mafunzo kutoka kwa Wakorea hao, na wengi waliofunzwa waliwasifu kwa bidii na nidhamu yao.

Wakati huo huo, Uganda ilikuwa mwanachama asiye wa kudumu wa Baraza la Usalama katika miaka ya 2009 na 2010. Tarehe 12 Juni 2009 ilinyosha mkono pamoja na wanachama wengine wote 14 kupitisha Azimio Na. 1874, lililokataza kununua silaha za Korea ya Kaskazini pamoja na mafunzo yanayoambatana nazo. Mkono ulinyoshwa New York, na wakufunzi waliendelea na kazi Uganda. Ripoti za Jopo la Wataalamu zililitaja jambo hilo mara kadhaa. Wako waliojitetea kwamba azimio halikutaja polisi kwa jina. Basi tarehe 2 Machi 2016 Azimio Na. 2270 likalifunga tundu hilo kwa maneno ya wazi: ni marufuku kwa nchi yoyote kuwapokea wakufunzi au washauri wa Korea ya Kaskazini kwa mafunzo ya jeshi, ya vikosi vya mgambo au ya polisi.

Mwishoni mwa Mei 2016 Rais Park Geun-hye wa Korea ya Kusini alizuru Kampala. Ikatangazwa kwamba Rais Museveni ameagiza ushirikiano wa kijeshi na wa kipolisi na Korea ya Kaskazini ukome. Kwanza taarifa zilipishana. Msemaji mmoja wa serikali alikanusha, kisha Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, Sam Kutesa, akathibitisha kwamba Uganda inajitenga kwa sababu ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa. Katika ziara hiyo hiyo kilifunguliwa chuo cha viongozi wa wakulima huko Kampiringisa, wilaya ya Mpigi, kwa msaada wa Korea ya Kusini. Miaka saba baadaye, mwezi Oktoba 2023, balozi wa Korea ya Kaskazini alikwenda kumuaga Rais Museveni, akaeleza kwamba ubalozi wake wa Uganda unafungwa.

Askari aliyekuwa amezoea mkufunzi wake aliweza kuuliza, "Mtu huyu amenikosea nini?" Swali hilo si la utovu wa nidhamu, na linastahili jibu. Mkufunzi mwenyewe hakumkosea mtu. Lakini malipo ya kazi yake hayakuishia mfukoni mwake. Katika nchi kama ile, mtumishi anayepelekwa nje huacha sehemu kubwa ya mapato yake kwa dola, na dola ndiyo inayoamua kama fedha hizo zitanunua mchele au chuma cha roketi. Uganda ilipoukata mkataba, ilizuia fedha kuingia katika mfuko ule ule unaolipia mabomu, na wala haikumnyang'anya mtoto wa Kikorea sahani yake ya chakula.

Tofauti hii ni kubwa, na aghalabu husahauliwa katika mabishano. Iko kamba inayomfunga mwenye bunduki, na iko kamba inayoifunga nyumba nzima.

NANI ALIYELALA NJAA

Katikati ya miaka ya 1990 Korea ya Kaskazini ilipatwa na njaa kubwa. Kwa makadirio ya chini, mamia ya maelfu ya watu walikufa. Haki ni kusema kwamba njaa ile haikuletwa na vikwazo vya nuklia, ambavyo vilikuwa bado havijawekwa. Ililetwa na kukoma kwa misaada ya Urusi ya Kisovieti, na mafuriko ya mwaka 1995, na siasa ya serikali yenyewe iliyotanguliza jeshi mbele ya kila kitu. Lakini njaa hiyo ilifundisha jambo moja kwa wote waliotaka kujifunza: mtawala yule aliweza kuwatazama watu wake wakifa bila ya kuacha mpango wake. Mtu wa namna hiyo hatikiswi na njaa ya wengine.

Kumbuka vilevile kwamba Azimio la mwaka 2006 lilikataza anasa, na bado magari ya kifahari ya Kijerumani yameonekana yakimbeba Kim Jong Un barabarani. Watu wa Kampala hawatastaajabu. Katika miaka ya Amin, akina mama walipokuwa wakitafuta kipande cha sabuni, ndege zilikuwa zikitoka Stansted, Uingereza, zikitua Entebbe na shehena ya pombe kali na vitu vingine vya maofisa. Kamba ilikuwa ileile, na mwenye nguvu alikuwa na tundu lake la kupitia.

Kwa upande mwingine, vikwazo vya mwaka 2017 juu ya nguo na samaki viliwagusa wanawake wa viwandani na wavuvi. Vifaa vya misaada vyenye chuma, hata vya hospitali, vilingoja vibali kwa miezi. Wanaotetea vikwazo husema kwamba kosa ni la serikali ya Pyongyang, nao wanasema kweli. Lakini kujua kosa ni la nani hakumshibishi mgonjwa anayengoja dawa.

WALIOKUBALI KUWEKA SILAHA CHINI

Je, hakuna nchi iliyokubali? Iko, tena ni ya Afrika. Utawala wa makaburu wa Afrika Kusini uliunda mabomu sita ya nuklia kwa siri, na la saba lilikuwa njiani. Serikali hiyo ilikuwa imewekewa marufuku ya silaha na Umoja wa Mataifa tangu tarehe 4 Novemba 1977, kwa Azimio Na. 418, na katika miaka ya 1980 vikwazo vya biashara na mabenki vikaongezwa. Kwa miaka mingi vikwazo hivyo havikulizuia bomu. Lilizidi kuundwa ndani yake.

Kisha mambo yakabadilika. Mkataba wa New York wa Desemba 1988 uliwaondoa askari wa Cuba nchini Angola na kuipa Namibia njia ya uhuru, uliopatikana tarehe 21 Machi 1990. Kutokana na mkataba huo, wapiganaji wa ANC walihamishwa kutoka Angola, na wengi wao wakapokelewa Uganda, katika kambi ya Kaweweta. Rais F. W. de Klerk akaanza mazungumzo na ANC, na wakati huo huo akaamuru mabomu yavunjwe. Tarehe 10 Julai 1991 Afrika Kusini iliingia katika Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nuklia; tarehe 24 Machi 1993 de Klerk akalieleza Bunge siri yote. Huenda aliogopa vilevile kuwaachia silaha hizo wale waliokuwa wakija kutawala. Kwa vyovyote vile, kilichotokea ni hiki: vikwazo vilimchosha, mazungumzo yakampa mlango, na adui aliyemwogopa mpakani akaondoka. Mambo hayo matatu yalikuja pamoja. Afrika ikaandika mkataba wake wa bara lisilo na silaha za nuklia, ikauita Pelindaba, jina la mahali penyewe palipokuwa kitovu cha utafiti wa nuklia wa makaburu. Mkataba huo ulianza kutumika tarehe 15 Julai 2009.

Kisa cha pili ni cha Libya. Kanali Muammar Gaddafi, ambaye Waganda wanamkumbuka kwa msikiti mkubwa wa Old Kampala uliofunguliwa mwaka 2008, alikuwa akitafuta bomu ingawa hakuwa amelipata. Baada ya vikwazo vya miaka mingi na mazungumzo ya siri na Uingereza na Marekani, alitangaza tarehe 19 Desemba 2003 kwamba anaacha mpango huo. Alikaribishwa tena katika baraza la mataifa. Mwaka 2011 watu wake walipoasi, ndege za mataifa ya Magharibi zilimshambulia, na tarehe 20 Oktoba akauawa. Serikali ya Pyongyang ilikuwa imekwisha kusema hadharani, tangu Machi mwaka huo, kwamba Libya ilidanganywa iweke silaha chini ndipo ivamiwe. Mtu anaweza kuwalaumu watu wa Pyongyang kwa mambo mengi, lakini hawezi kuwalaumu kwa kutosoma habari za Tripoli.

FUNDO LINALOFUNGUKA

Ni nini basi kinachoweza kuvunwa kutoka katika visa hivi?

Kwanza, vikwazo humnyima mtawala fedha, lakini havimwondolei hofu. Na bomu, kwa mtawala wa namna ile, ni mtoto wa hofu. Hofu huondolewa na maneno yenye dhamana, na maneno hayawezi kusemwa na watu wasiokutana.

Pili, mazungumzo bila ya kamba hugeuka kuwa mchezo wa kununua muda. Mtawala hupokea mafuta kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine huchimba shimo la siri. Kwa hiyo wanaosema vikwazo vifutwe vyote ndipo watu wazungumze, wanaomba jambo ambalo historia imekwisha kulijaribu.

Tatu, kamba yoyote ya vikwazo yapasa iwe na fundo linalofunguka, na anayefungwa aelezwe mapema: ukifanya hili, fundo hili litalegezwa, ukirudi nyuma, litakazwa tena. Mapatano ya mwaka 1994 yalikuwa na mafundo ya namna hiyo, ndiyo maana yalidumu miaka minane. Huko Hanoi mwaka 2019 kila mmoja alitaka mwenzake afungue yote kwanza. Wahenga walisema nusu shari kuliko shari kamili. Kinu kilichosimamishwa si sawa na kinu kilichovunjwa, lakini ni bora kuliko kinu kinachofanya kazi usiku na mchana.

Nne, ahadi ya leo ndiyo mtaji wa mazungumzo ya kesho. Yaliyompata Gaddafi yameifanya kazi ya kila mjumbe wa amani kuwa ngumu maradufu.

Mwisho kuna sehemu ya askari mwenyewe. Azimio la Umoja wa Mataifa ni karatasi mpaka lifike mikononi mwa mtu. Mtu huyo ni ofisa wa forodha anayefungua kontena huko Malaba, ni polisi wa uwanja wa Entebbe anayesoma pasipoti kwa makini, ni kamanda anayepokea amri ya kumuaga mkufunzi aliyezoeana naye na kuitii bila ya kumfedhehesha mgeni. Kama kamba itashikwa vizuri na watu hao, italenga mfuko wa silaha. Kama itashikwa ovyo, wenye nguvu watapenya, na atakayebanwa ni yule mama wa foleni, awe wa Kampala ya mwaka 1978 au wa Pyongyang ya leo.

Kule kijijini, wazee bado wamekaa chini ya mwembe. Wenye busara miongoni mwao wamekwisha kuamua: njia ya duka la risasi ifungwe kabisa, njia ya kisima iachwe wazi kwa mama na watoto, na wazee wawili wakabishe hodi, leo na kesho na kesho kutwa, hata kama mlango hautafunguliwa mara ya kwanza.